Skuta Iliyoomba Hewa

Kila asubuhi skuta ya Pasi iliwaka bila taabu, ikapita duka la mikate, ikapita stendi, na ilipofika mbele ya posta ikakohoa, ikakohoa tena, ikazimika. Pasi aliisukuma kando akangoja, akapiga kiki, ikakubali kwenda kidogo na kuzimika tena. Kazi yake ilikuwa kupeleka meno ya bandia kwenye kliniki, na wazee waliokuwa wakisubiri kutafuna walikwishaanza kunung'unika. Alibadilisha plagi, akasafisha kabureta, akawasingizia watu wa kituo cha mafuta kwamba wanatia maji.

Jina la Pasi alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na shati lenye mkunjo. Nyumba yake nayo ilikuwa hivyo hivyo, hata mito ya makochi ilikaa wima kama watu wanaohojiwa. Mkunjo pekee ulikuwa mama yake. Mama alikuwa ameanza kusahau, na siku moja wakwe walipokuja aliingia sebuleni bila gauni, akaketi katikati yao, akawauliza kama wameshakula. Tangu hapo aliishi chumba cha nyuma, mlango umefungwa kwa ufunguo. Kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye kitasa cha kutegemewa, skuta nayo ililala humo. Harufu ya petroli ilipoanza kupenya hadi sebuleni, Pasi alichukua gundi akaliziba tundu dogo kwenye kifuniko cha tangi. Harufu ikakoma, naye akajiona mjanja.

Fundi wa gereji aliyempelekea hakuigusa injini. Aliipanda skuta, akazunguka nayo mtaani mpaka ikazimika, akairudisha kwa kuisukuma. Aliinua kiti, akainamisha sikio, akaanza kukilegeza kifuniko pole pole.

"Mafuta yakishuka, lazima hewa iingie mahali pake," alisema. "Isipoingia, tangi linajibana, mafuta yanagoma. Kama shida ni hiyo, utalisikia linavuta pumzi."

Tangi lilivuta pumzi ndefu. Kisha likasema kwa sauti ya mama mtu mzima, "Baba, nitoe nje kidogo. Nataka hewa."

"Si nilisema? Hewa," alisema fundi.

Pasi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mafundi wawili waliokuwa wakiziba pancha waliinua vichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Hapa ni wapi?"

"Gereji, mama."

"Haya, poleni na kazi," likasema tangi, nao wakarudi kwenye pancha zao.

"Hii inalala wapi?" fundi akauliza.

"Stoo," alisema Pasi.

"Stoo," tangi likarudia, bila ubaya wowote, kama mtu anayejifunza anwani yake.

Fundi alikigeuza kifuniko kwenye mwanga akaiona gundi. Alipouliza nani kaziba, Pasi alisema labda ni watoto. Hakuwa na mtoto hata mmoja, na tangi, ambalo lilijua, lilinyamaza kumstahi. Hilo lilimuumiza kuliko kama lingesema.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," fundi alisema, akimaanisha skuta. Akaitoboa gundi kwa waya mwembamba, akapuliza kwa mdomo mpaka hewa ikapita. "Sasa haitazima. Ila ataongea njia nzima, uvumilie. Mimi baba mkwe wangu alikuwa kwenye mtungi wa gesi, nyie acheni tu."

"Huwezi kumtoa?"

"Kwenye tangi? Bosi, huyu kaingia humu kwa sababu ya hicho chumba unachokiita stoo. Mtoe chumbani, huku hana tena shughuli."

Pasi alisema ataangalia.

Skuta haikuzima tena. Mama aliuliza kama jua limetoka, na huyo aliyepiga honi ni nani, na Pasi alimjibu kwa sauti ya chini huku akitazama mbele. Watu walimwamkia mama njiani. Askari wa barabarani aliyasimamisha magari ili apite. Kwenye kliniki, daktari wa meno alimshika Pasi bega, akasema siku hizi ni nadra kumwona kijana anayemtembeza mzazi wake. Pasi aliona aibu. Akasema asante.

Nyumbani mama mwenyewe hakuwa na sauti tena. Alifungua kinywa, ikatoka harufu ya petroli tu.

"Afadhali," alisema mkewe Pasi. "Wakiuliza mama yuko wapi, tunasema ametoka. Na si uongo."

Jioni wakwe walikuja. Pasi alipoingiza skuta chumba cha nyuma, alimkuta mama ameketi kitandani, amejifunga kitambaa kichwani na amevaa viatu. Mama akaonyesha mlango. Pasi akamsimulia walikopita siku hiyo, na nani aliwasalimu. Mama alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akaonyesha mlango tena. Pasi alikuwa na ufunguo mkononi, na maneno ya fundi aliyaelewa vizuri tangu yaliposemwa. Sebuleni wakwe walikuwa wakicheka.

"Kesho, mama," alisema, akiviangalia vile viatu. Akatoka, akafunga.

Sebuleni baba mkwe alimpisha kwenye kochi. "Mama hajambo? Simwoni."

"Hajambo. Ametoka."

"Kesho ipi, baba?" iliuliza sauti nyuma ya ukuta.

Wote waliisikia vizuri kabisa. Baba mkwe akaomba asogezewe sukari.