Nyekundu Isiyochuja

Kikohozi kilitangulia. Kikavu, kifupi, kikapasua asubuhi kama kitenge kinachochanwa kwa meno. Ndipo vingine vikaonekana: kamba, nguo mbichi, mwanga wa Ziwa Tanganyika ukipenya nyekundu, na nyuma ya nyekundu kivuli cha Hadjara, mama yake Zubeir, kimejikunja.

Nani asiyeijua nyekundu ya Zubeir, mtia rangi vitenge? Kutoka Rumonge hadi Muhuta wanawake waliifua, waliipiga juu ya mawe, na nyekundu ikabaki nyekundu. "Yangu haichuji!" aliwatambia wachuuzi sokoni. "Liulizeni ziwa!" Na mama yake, aliyemfundisha kuchovya, alicheka mpaka kikohozi kikamkata kicheko.

Vidonge vya kifua mama alikuwa amevimaliza, mwezi baada ya mwezi, bila kuruka siku. Kilichobaki ni kipimo cha mwisho.

Kule labo, Scovia, mpimaji, aliinua macho kutoka kwenye hadubini.

"Imeshika rangi, kaka Zubeir."

"Alhamdulillahi!"

Lilimtoka kabla hajafikiri. Kwa fundi wa rangi, neno gani tamu kuliko hilo? Imeshika! Vidole vyake vyekundu vilikuwa tayari kupiga makofi. Scovia hakucheka.

"Hapana. Kuja uangalie."

Akaangalia. Bluu, bluu kama ziwa la mchana; na ndani ya bluu, vijiti vidogo vyekundu, vyembamba kama nyuzi.

"Makohozi tunayatia nyekundu, halafu tunaosha na asidi," Scovia alisema polepole. "Yote inachuja, inashika bluu. Vijidudu vya kifua kikuu ndivyo vinakatala kuchuja, na mama bado anavyo. Na rangi hii, zamani ilikuwa ya nguo, kama yenu."

Haichuji. Lo, jinsi alivyojivunia neno hilo! Ee nyekundu, nani alikutuma kifuani? Alijua chumvi, alijua magadi, alijua moto wa kukaza rangi. Kuifungua hakujua. Mikono yote hii, na hakuna pa kuitia.

Nyumbani mama, aliyelizoea neno hilo la labo, alimsoma usoni.

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Basi huyo fundi wa kifuani amekushinda weye," alisema, na kikohozi kikamalizia kicheko.

Zubeir akaanua nguo moja moja, nyekundu baada ya nyekundu, mpaka nyuma ya kamba likabaki ziwa peke yake, bluu, halina la kusema. Akapiga magoti.

"Mama, watakupa dawa ingine. Na mimi nitakuchovyea kitenge cha Idi, bluu tupu, bila hata uzi mwekundu. Utakivaa weye. Ziwa linanisikia, mama: utakivaa weye."