Zabron Chini ya Jeneza

Zabron angekataa kubeba jeneza la kaka yake, kijiji kizima cha Mbebe kingesema ndiye aliyemuua. Angelibeba akaanguka, kingesema hivyo hivyo, kwamba marehemu amemkataa muuaji wake. Gibson alikufa ghafla, siku chache tu baada ya ndugu hao kutukanana hadharani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kijiji kikishapata maneno, daktari aseme ni presha mpaka koo limkauke.

"Baba Eva, mguu wako unaujua," mkewe Sekela alimnong'oneza. "Mwachie jirani Yonasi abebe."

"Nikimwachia, nimekwisha."

Mguu aliujua. Aliutegua zamani akishusha gunia la kahawa, kifundo kikavimba kama boga. Mtaalamu wa viungo alimwambia apumzike, kisha afanye mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, ili kifundo kijifunze tena kushika. Zabron alicheka. Mtu mzima asimame uani kama korongo? Uvimbe ulipopungua tu, huyo shambani. Kikateguka tena, na tena, na kila mara kano zikapona zimelegea, hata siku hizi kilipinduka kwa kijiwe tu. Haya, na acheke sasa.

Walishuka kuelekea makaburini, Zabron mbele upande wa kushoto, udongo ukiteleza kwa mvua ya asubuhi. Kila hatua alimwomba Mungu, wala hakumwombea marehemu, alikiombea kifundo. Kaburi lilipoonekana akaanza kuamini kwamba atafika. Hapo kikapinduka.

Jeneza lilipiga chini kwa pembe moja. Kwaya ikakatisha wimbo.

"Mwenyewe amemkataa," alisema Roda, mjane wa Gibson, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu.

"Ni mguu, shemeji! Mguu wangu mbovu!"

Zabron akavua buti, akapandisha suruali, akaunyoosha mguu wote wauone. Mchungaji akainama kuutazama. Lakini kifundo kile kilikwisha kuzoea kupinduka na kurudi bila kuvimba. Kilikuwa kizima machoni, sawa na cha kulia.

"Sekela, waambie! Wewe unajua!"

Sekela alizitazama nyuso za watu, moja baada ya nyingine. Yonasi alishika nafasi iliyoachwa wazi, jeneza likainuliwa, likapita. Sekela akainamisha macho, akamshika mtoto wao Eva mkono, akalifuata jeneza.