Anayeingia kwa Alama ya Baba

—na ikalia tena, mwenzangu! Mchana kweupe, mimi nimekaa jikoni kwa Mama na kikombe mkononi, tiii! Na kwenye kioo: "Nimeingia, mke wangu. Chai?" Baba yangu. Baba yangu tuliyemzika! Kikombe kilikwenda chini, mimi nikapanda juu ya kiti kama nimeona panya.

Ngoja, ngoja nianze vizuri, la sivyo utasema chuo kimenichanganya akili.

Unajua Baba alikuwa mtu wa redio. Si mtangazaji, la, wale wanaosimika antena uani ili waongee na mtu wasiyemjua upande wa pili wa dunia. Kwenye chumba chake cha nyuma, ukishapita kamba za nguo, kuna kompyuta inayoendesha klasta. Ni mahali watu wa redio wanapoingia kwa intaneti kupashana habari, nani kasikika, kwenye masafa gani. Matangazo yanateremka kutwa nzima kama mvua. Na kuingia hakuna nywila! Unaandika alama yako ya redio, ile ya herufi na namba uliyopewa na leseni, basi, karibu ndani. Wanaaminiana wazee wale.

Sasa kila mtu ana skripti yake, yaani kifaili cha amri zinazojiendesha zenyewe akishaingia: nisalimie, nionyeshe haya, nifichie yale. Ya Baba ilikuwa na mstari wa ziada. Ilituma ujumbe kwenye skrini, kioo kidogo alichomfungia Mama jikoni, kinachopitisha na matangazo yale yote, ili asipige kelele kuomba chai. Uvivu wa kisomi! Mama alikuwa anasonya, halafu anabandika birika.

Basi, Baba akafa. Kompyuta hatukuizima, wenzake walituomba. Dada yangu mkubwa akapanga alete gari Jumamosi, Mama ahamie kwake, maana peke yake pale anakonda. Mama kagoma katakata. "Baba yenu bado anaingia. Nikiondoka atamkuta nani?" Dada akanipigia: "Msomi wa kompyuta ni wewe. Nenda kamalize huo mchezo kabla Mama hajatufia pale."

Nikaenda nikijua ni hitilafu tu. Ndipo ikalia, nikapanda kiti. Mama hata hakushtuka. Alimimina chai kikombe cha pili, akakiweka mbele ya kiti kisicho na mtu. Kikapoa, akakimwaga kwenye sinki, akakiosha. Anafanya hivyo kila siku.

"Mama, nitakiziba hicho kioo."

"Ziba mdomo wako kwanza. Unakula biskuti zangu huku unanitishia mume wangu?"

Nikangoja aingie bafuni, nikafungua laptopu yangu pale mezani, nikaingia kwenye klasta kama msimamizi. Niliandika kichujio: ujumbe wowote wa alama ya Baba usifike jikoni. Kazi ya kitoto. Nikanakili mstari wa kichujio cha zamani cha Baba mwenyewe, nikabadilisha alama, nikabonyeza. Mara kioo kikanyamaza kimya. Nikajipongeza, nikala biskuti nyingine.

Kumbe amri yenyewe sikuibadilisha! Ilikuwa ya kukubali, si ya kukataa. Na kwenye programu ile, ukisema mkubali fulani, maana yake fulani peke yake, wengine wote tupa nje. Kesho yake alasiri, kioo kikiwa kitupu kabisa, tiii! "Nimeingia, mke wangu. Chai?" Mstari mmoja tu katikati ya weusi.

Mama akaniangalia, anatabasamu. "Umeona? Wengine wote wamempisha."

Nikafuta kichujio haraka, nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzoni: nikatazama muunganisho ule umetoka wapi. Anwani ya intaneti ni ile ile anayoitumia Mzee Waya akiingia kwa alama yake mwenyewe! Mzee Waya, rafiki wa Baba, yule fundi redio wa mtaa wa pili. Nikampigia, akaja anahema.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani anaumwa?"

"Unaingia kwa alama ya Baba?"

Akavua kofia. Akaikunja, akaikunjua. "Skripti yake inasalimia," akasema. "Alijiandikia mwenyewe kwa utani: 'Umechelewa mzee, dunia imeshaanza kuongea.' Naingia, naisoma, natoka. Nimemkosa rafiki yangu, ndiyo hivyo."

"Na chai?"

"Chai gani?"

Hakujua! Yeye alikuwa anaona salamu tu. Ule mstari wa jikoni unaondoka kimyakimya, anayeingia hauoni.

Mama alikuwa mlangoni, kasikia yote. "Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nakuchemshia wewe?"

"Shemeji, ningejua si ningekuja kuinywa!"

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu kicheko kikageuka kilio, nasi tukamwacha alie. Alipomaliza akafuta uso. "Haya. Jumamosi nitapanda gari." Nilitaka kumbusu Mzee Waya kipara chake.

Yeye naye, badala ya kunywa chai na kunyamaza, akaendelea kuomba radhi. "Tena nimeanza juzi juzi tu, shemeji, waliponirudishia intaneti. Tangu kabla ya msiba nilikuwa sina."

Mama akaweka kikombe chini. "Mimi ananiita tangu siku tuliyotoka makaburini."

Kisha Mama akanigeukia. "Angalia. Kama ni mtu, naondoka. Kama si mtu, simwachi peke yake."

Nikarudi nyuma kwenye kumbukumbu za klasta, mpaka wiki ya msiba. Mwenzangu, alama ya Baba ipo. Na haikutoka nje, haikutoka kwenye intaneti. Imeandikwa kwa kibodi ya ile kompyuta yenyewe, ndani ya chumba alichokifunga Mama kabla ya mazishi, na ufunguo kauvaa shingoni, analala nao. Na baada ya skripti kumaliza kazi yake kuna maneno, na skripti haina maneno hayo: "Yupo anayenisikia?" Halafu tena. Halafu tena.

"Ni mtu?" Mama akauliza.

"Ni mtu, Mama. Ni huyu huyu Mzee Waya, kasahau tu. Uzee."

Mzee Waya akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Uzee, shemeji," akasema, akiikunja tena kofia yake.

Gari limekuja leo. Mama kapanda, hakugeuka. Kabla ya kupanda alinivalisha ule ufunguo shingoni. "Kazime wewe," akasema. Basi.

Nimefungua. Vumbi limejaa kotekote, mwenzangu, isipokuwa kwenye kibodi. Nikaweka kidole kwenye swichi, na pale pale kwenye kioo cha kompyuta yale maneno yakaandikika, herufi moja moja, polepole, kama anavyoandika mtu aliyechoka.

Sikuzima. Nilimjibu! Naye akaandika tena, safari hii mengi. Usinilazimishe niyaseme sasa, Dada anapiga simu, Mama anataka kujua kama nimeshazima. Kesho jua likishawaka vizuri nakuja kwako, nikuambie Baba ameniomba nini.