Mama Mkwe Hakemewi

Uwanja wa mafunzo ya pikipiki ulikuwa nyuma ya gereji, sakafu ya saruji iliyopasuka hapa na pale, koni za rangi ya chungwa zimepangwa mistari. Mkufunzi wa pale wanafunzi walimwita Honi, na jina hilo hakupewa bure. Akipaza sauti mwisho huu wa uwanja, mbwa wa mwisho ule waliamka.

"Wewe! Shingo juu! Umedondosha nini huko chini?"

"Wewe, achia klachi polepole! Polepole, si kama unatupa jongoo!"

Vijana walicheka huku wakitetemeka, na walijifunza. Ukikemewa na Honi leo, kesho hurudii kosa.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja tu ambaye mbele yake Honi alikaukiwa na sauti. Huyo alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na ushee, mpana wa mabega, mwepesi wa maneno, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Pindo. Naye alikuwa mama mzazi wa mke wa Honi.

Sasa niambie, mtu anamkemeaje mama mkwe? Mkwe unamsalimu umeinamisha kichwa, unampokea mzigo, unacheka kwa kiasi. Hakuna kitabu cha usalama barabarani kinachoeleza la kufanya mkwe huyo akiwa juu ya pikipiki inayokimbilia ukutani. Mwanzoni mwa kozi Mama Pindo alipotoka nje ya mstari, Honi alikunja mikono kifuani akaanza: "Mama, samahani, kama hutojali, nilikuwa naomba, kama itawezekana, ukanyage..." Kabla hajalifikia neno breki, mama alishaingia kwenye rundo la matairi chakavu.

Alitoka mzima, vumbi hadi kwenye nyusi. Honi alimfuta vumbi kwa leso yake mwenyewe na kumwambia amejitahidi sana.

Mama Pindo hakwenda pale kujifurahisha. Alikuwa akishona sare kwa shule na magauni ya wagonjwa kwa zahanati za ng'ambo ya kilima, na mzigo wote aliupeleka kwa pikipiki za kukodi. Waendeshaji wakachelewa, wakapotea, mmoja akaangusha fuko la sare nyeupe kwenye tope na kumwambia eti zitatakata tu zikifuliwa. Wateja wakaanza kununa. Ndipo alipojinunulia pikipiki yake, iliyotumika lakini nzima, akaiegesha mbele ya duka na kuifunika turubai.

Binti yake alipoiona, alikaa chini. Binti alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, na kila aliyeteguka au kuvunjika kwa pikipiki alipita mikononi mwake. "Mama," alisema, "watu wazima na nguvu zao nawafunga plasta kila siku. Wewe unataka nikufunge wapi? Funga duka, uje ukae kwangu. Chumba cha uani kiko tayari."

Kweli kilikuwa tayari. Kitanda kilitandikwa na mapazia yamening'inizwa, tena mapazia yenyewe kashonesha kwa fundi mwingine. Mama Pindo alilimeza hilo, lakini halikushuka.

Walivutana mpaka wakakubaliana. Mama aende kozi. Akipita kwa haki, aendeshe, na binti asitie neno. Akishindwa, duka lifungwe, ahamie uani.

"Kwa haki, mama," binti alisisitiza. "Mume wangu namjua. Wewe ukimwomba figo, yeye atauliza tu unataka ya kulia au ya kushoto."

Basi hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani: duka lake, funguo zake, asubuhi zake za kuamka kwake.

Na mambo hayakwenda vizuri. Kuzunguka koni kwa umbo la nane aliweza. Kubadili gia aliweza, kwa mkono uliozoea vitu vidogo. Lakini kila walipofanya zoezi la kusimama ghafla, chombo kilipita koni na kuendelea. Honi alitabasamu: "Vizuri, mama. Bado kidogo tu." Nyuma yake wanafunzi wawili walinong'ona, na masikio ya fundi yalikuwa mazima.

"Bi mkubwa atapita tu. Ana cheti cha ukwe."

Mchana, wenzake walipokwenda kula, alimwita Honi kando ya ukuta.

"Baba, njoo hapa. Kosa langu ni nini?"

"Hakuna kosa, mama."

"Nimevuka koni zote."

Honi alitazama viatu vyake. "Labda mguu, mama. Unapenda kupumzika kidogo."

"Mguu upi?"

"Wa kulia, mama."

Mama Pindo aliutazama mguu wake wa kulia kana kwamba umemwibia. Halafu akaelewa. Maisha yake yote ya kazi mguu ule ulikuwa juu ya pedali ya cherehani ya umeme. Ukikanyaga, mashine inakwenda. Ukiachia, inasimama. Sindano ikikaribia kidole, mguu unaruka juu wenyewe kabla hata akili haijauliza kuna nini. Na kwenye pikipiki mguu huohuo ndio wa breki ya nyuma. Kwa hiyo kila aliposhtuka aliachia, na chombo kikaendelea na safari zake. Mazoea yana taabu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu juzi, mama."

"Na ukanyamaza! Ukanivika kilemba cha ukoka, eti 'vizuri, mama'!"

"Sasa mama, mimi nimwambie mkwe wangu kwamba mguu wake..."

"Uniambie! Upige kelele kama unavyowapigia wenzangu!"

"Siwezi, mama. Mama yangu akisikia, sijui nitauweka wapi uso huu."

"Sikiliza, mwanangu." Sauti yake ilishuka. "Heshima yako itaniua. Nakuona kabisa siku ya mazishi yangu, umeinamisha kichwa vizuri, kila mtu anakusifu kwa adabu. Mimi sitaki mkwe humu uwanjani. Wa nyumbani anatosha. Humu nataka mwalimu, na nataka nipite kwa miguu yangu hii. Nikemee."

Honi alifuta jasho. "Nianzeje, mama?"

"Anza kwa kuacha hilo neno mama."

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. "WEWE!" Honi alinguruma, kisha akaufunika mdomo kwa viganja vyote viwili. "Samahani, mama!" Uwanja mzima ulicheka, na fundi akavuka koni tena.

La pili alikaza meno. "Wewe! Kanyaga! Hiyo si cherehani!"

Sauti ilimgonga mgongoni na mguu ukashuka. Tairi lilisimama kabla ya koni, pikipiki ikayumba, naye akaikamata.

"Tena!" alidai Mama Pindo.

"Rudi mwanzo! Kanyaga na ukamate breki ya mkono pamoja! Utashona ukifika nyumbani!"

Hakuna aliyenong'ona tena. Alirudia mpaka nyonga ikauma, akakemewa mpaka sauti ya Honi ikakwaruza, na kila alipokemewa alijisikia amepewa haki yake. Jioni dukani aliihamishia pedali kwenye mguu wa kushoto, ili wa kulia usahau kazi yake ya zamani. Mishono ilikwenda upogo kama ya mwanagenzi, akaifumua na kushona upya huku akijicheka peke yake.

Siku ya mtihani alikuja mtahini kutoka nje, mwanamke mwembamba asiyecheka, asiye mkwe wa mtu. Honi alikatazwa kutia neno. Alikaa juu ya matairi, mikono katikati ya magoti. Nje ya uzio wa waya alisimama binti, bado na sare ya uuguzi, ametoka zamu moja kwa moja.

Kwenye nane Mama Pindo aliigusa koni ikaanguka. Mtahini aliandika kitu bila kuinua uso. "Ukikosea pengine tena," alisema, "tutaonana kozi ijayo."

Lilibaki zoezi moja, lilelile. Aliondoka, akaingiza gia ya pili, upepo ukampiga kidevuni. Mtahini aliangusha bendera ya kusimama bila kutoa ishara nyingine yoyote, na moyo wa fundi ukaruka. Hakukuwa na sauti ya kumsaidia, ila mguu ulishuka. Ulishuka wenyewe, wote, na mkono ukakamata pamoja nao, na pikipiki ikatulia wima, koni ikiwa bado mbele yake.

"Umepita," mtahini alisema. "Lakini koni moja umeangusha, usiringe sana."

Alikuwa amechelewa kumkanya. Mama Pindo alishaanza kuringa. Alijivunia mkono wake na shingo yake, na zaidi ya vyote alijivunia mguu ule mzee uliokubali kufundishwa upya. Honi alimkabidhi cheti kwa mikono miwili, kichwa chini.

"Hongera, mama."

"Asante, baba. Sasa waweza kurudi kuwa mkwe."

Pikipiki yake ilikuwa nje ya lango. Alivaa jaketi zito alilojishonea mwenyewe, lenye mistari ya kung'aa mgongoni, akakaza mkanda wa kofia, akavaa glavu. Aliminya matairi, akavuta cheni kwa kidole, akawasha taa akaenda mbele kuitazama, akarekebisha vioo. Hakuharakisha hata kimoja.

Binti alimjia macho mekundu, mkononi kashika kofia ngumu ya mumewe. "Nimeona, mama. Nilijizuia hata kupumua. Kile chumba nitakipangisha. Sasa nipeleke nyumbani. Niko nyuma yako."

Moyo wa Mama Pindo uliyeyuka. Mtu aliyemwogopea kuliko wote duniani ndiye aliyetaka kuwa abiria wake wa kwanza. Angetaka nini zaidi ya hapo?

"Hapana," alisema.

"Hapana?"

"Dereva mpya hapakii mtu mpaka aizoee barabara akiwa peke yake. Ndivyo mumeo alivyotufundisha."

"Mama! Mimi ni mwanao!"

"Ndiyo maana."

Binti alimgeukia mumewe. Honi alichunguza mawingu. Binti aliitazama kofia mikononi mwake, akacheka, na machozi yakamtoka palepale kwenye kicheko. Kisha akasogea pembeni, akampisha mama yake njia.

Mama Pindo alitazama kulia, akatazama kushoto, akaingia barabarani. Mafundi wa gereji waliacha spana zao kumtazama. Aliwasikia wakiulizana ni nani yule, na akaisikia sauti iliyowajibu, sauti ya muuguzi aliyechoka na zamu, ikipanda juu ya mlio wa injini:

"Huyo ni mama yangu! Mnasikia? Mama yangu huyo!"

Alisikia vizuri sana, akaingiza gia ya tatu.