Majirani wa Vescara

Binamu yangu Mutasim hajapata kula samaki Sidab, kijiji cha wavuvi pale Muscat. Anasema kunanuka. Nyumba ya bibi yetu iko hukohuko, karibu na mchanga ambapo wavuvi huvuta mashua zao, na kila Idi alipolazimika kumpeleka bibi akawaamkie watu wake, Mutasim alibaki ndani ya gari na vioo amevifunga, kiyoyozi kinavuma, utadhani kijiji kizima kina ndui. Halafu kiangazi kimoja akaenda Italia, akapiga picha nyavu zilizoanikwa ukutani, akarudi nyumbani kwake Bawshar kutuambia kwamba ameuona uzuri wa dunia.

Mji wenyewe unaitwa Vescara. Ni mji mdogo wa kusini, umekaa juu ya kilima, na ukisimama ukingoni unaiona Bahari ya Mediterania chini kabisa, mbali kidogo na harufu yake. Mutasim alitaka tununue nyumba huko. Alisema "tununue" kwa ukarimu mkubwa. Maana yake ilikuwa bibi auze nyumba ya Sidab, iliyo kwa jina lake mwenyewe, ili Mutasim apate pa kupumzikia makelele ya Muscat. Mnunuzi alikwishampata. Lililobaki lilikuwa neno moja la bibi.

Bibi Mwanamize hakusema ndiyo wala hapana. Nyumba ile aliijenga marehemu babu walipohamia Oman kutoka Unguja, lakini tangu magoti yaanze kumsumbua amekuwa akiishi kwa Mutasim, katika chumba chenye zulia nene na televisheni kubwa kuliko kitanda. Alimsikiliza mjukuu wake mpaka mwisho, akamega halua, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha Unguja ambacho miaka yote ya Kiarabu haikuweza kukigusa:

"Jirani kwanza, nyumba baadaye. Nnataka kuwaona majirani. Na nyumba hutazamwa mvua inanyesha, haitazamwi siku ya harusi."

Mutasim alicheka kama mtu aliyekwisha kushinda. Akakata tikiti za Februari.

Ruba, mke wake, alibeba masanduku ya nguo za rangi ya maziwa, zisije zikagombana na kuta za huko kwenye picha. Mimi nilichukuliwa kwa sababu bibi alikataa kusafiri bila ya mtu wa kumsuka, na kwa sababu alihitaji mkalimani wa Kiingereza. Mutasim alijitolea kutafsiri yeye. Bibi alimwambia kuwa maneno yakipita kwake huingia marefu yakatoka mafupi.

Vescara ilitupokea kwa mvua. Dalali alikuwa kijana wa skafu ndefu na viatu bila soksi, katika baridi ile, na alimsifu Mutasim kwa kila alichosema, hata aliposema kwamba hewa ni nzuri. Hakuwa na ufunguo mkononi. Kando ya mlango palikuwa na kisanduku cha chuma chenye namba. Akabonyeza, kikafunguka, kikatema ufunguo. Nilipotazama nikaona kila mlango wa kichochoro kile una kisanduku chake, kimening'inia kama hirizi shingoni mwa mtoto. Ruba aliiona milango tu. Aliipiga picha mmoja mmoja, akijisimamisha mbele yake kana kwamba anatoka kununua mkate. Duka la mkate lilikuwa limefungwa mpaka Pasaka.

"Halisi kabisa," alisema, na neno hilo hakulitua siku nzima. Ukuta uliopasuka Sidab ni uzembe wa watu wa Sidab. Ukuta uliopasuka Vescara ni historia. Paka wa jalalani kwetu ni maradhi yanayotembea. Yule wa Vescara alipata picha zake peke yake, na bwana mmoja wa Dubai akamwandikia Ruba kwamba paka huyo ana roho ya mshairi. Nilisomea utalii chuoni, na hakuna mwalimu aliyetufundisha kwamba watu hulipa nauli ndefu hivyo kwenda kustaajabia kile wanachokikimbia kwao.

Dalali alituachia nyumba tuikae siku chache, kama vazi linalojaribiwa dukani. Kesho yake alikuja kuwachukua Mutasim na Ruba wakale mji wa chini, ufukweni. Bibi hakutaka kwenda. Yeye alikuwa na kazi.

Kwetu mtu akihamia, majirani huja kumtazama. Huja na sahani, huja mikono mitupu, huja kwa mapenzi au kwa umbea, lakini huja. Kazi ya aliyehamia ni kuacha mlango wazi na kuwa na kahawa. Kwa hiyo bibi alikuwa amebeba kutoka Muscat dele la kahawa, vikombe, tende, halua, chetezo, mkaa na ubani, na asubuhi ile alivaa nguo yake ya Idi, akajitia wanja, akaniamrisha niburure kiti mpaka mkabala wa mlango. Mutasim alimkuta hivyo alipokuwa anatoka.

"Bibi, watu wa huku hawaendeani namna hiyo."

"Hawaamkiani?"

"Huamkiana. Lakini kwa miadi."

"Basi hao si majirani," bibi alisema. "Hao ni madaktari."

Wakaondoka. Tukakaa. Mvua iliteremka kichochoroni ikipita mbele yetu kwa haraka, ikiwa ndiyo peke yake yenye pa kwenda. Hakupita mtu. Bibi aliwatetea kwanza: labda wana haya, labda hawajui kama tumefika, labda wanaogopa mvua kwa sababu mvua ya huku ina sindano. Kisha akapata dawa. Sidab, harufu ya ubani ikitoka kwenye nyumba asubuhi, mtaa mzima hujua kwamba humo mna mgeni na kahawa iko tayari. Akaniambia nikisogeze chetezo kizingitini. Akatia ubani. Akangoja. Akatia tena, kwa mkono wa mtu anayeita watu wa mbali.

Mkaa ulikuwa umeshika unyevu. Moshi haukupanda, ulitoka mlangoni mzito, mweupe, ukajaza kichochoro ukuta kwa ukuta. Nilimwambia bibi kwamba umezidi. Akanijibu kuwa ubani hauzidi, pua ndizo hupungua.

Muda si muda nikasikia king'ora chini ya kilima. Gari halikuweza kuingia katika vichochoro vile, kwa hiyo walikuja mbio kwa miguu, wazimamoto wanne wenye kofia za chuma, wakiburura mpira wa maji na kupiga kelele kwa Kitaliano. Walipofika mlangoni wakasimama. Ndani ya moshi alikuwa amekaa mwanamke mzee aliyejitia wanja, kikombe mkononi, mwenye furaha isiyo kifani.

"Karibuni," bibi alisema. "Piteni ndani, mvua inakunyesheeni."

Mmoja wao alijua Kiingereza kidogo. Alichungulia chumbani, akakitazama chetezo, akanusa, akawageukia wenzake na kusema jambo lililowafanya watue mpira chini. Nilimuuliza nani aliyewaita, maana sikuwa nimeona mtu. Akaonyesha nyumba ya mkabala wetu. Mwenye nyumba, alisema, anaishi Ujerumani. Juu ya mlango wake kuna kamera. Huko aliko ameona moshi kwenye simu yake, akapiga simu.

Nilimtafsiria bibi bila ya kukata kitu. Akainua macho, akakitafuta kile kijicho cheusi mpaka akakipata, akakipungia mkono.

"Sabalkheri, jirani," alikiambia. "Umefanya vyema kuuliza."

Wazimamoto waliingia. Sijui kama sheria yao inawaruhusu, lakini bibi alikwishaanza kumimina. Kwetu ukitosheka na kahawa hukitikisa kikombe. Usipokitikisa utamiminiwa mpaka Siku ya Kiyama. Yule mwenye Kiingereza hakulijua hilo, na adabu yake ilimzuia kukataa, kwa hiyo bibi alimimina naye akanywa, akamimina naye akanywa, hadi jasho likamtoka chini ya kofia na nikamwonea imani nikamwonyesha namna ya kukitikisa. Wenzake waliishughulikia halua. Bibi alinituma nimuulize nani anaishi katika kichochoro hiki, ili ajue nani wa kumwendea mvua ikikatika.

Akaonyesha kwa kidole, mlango hadi mlango. Hapa Wajerumani, huja Agosti. Hapa Waholanzi, huja Agosti. Hapa mtu wa Milano, huwapangisha wageni, mwenyewe haji kabisa. Kule chini alikuwako bibi mmoja wa hapahapa, bintiye alikuja kumchukua wakati wa Krismasi. Na wewe? nikamuuliza. Yeye amezaliwa kwenye nyumba ile yenye mlango wa buluu, alisema, ambayo Ruba alikuwa ameipiga picha mara nyingi kuliko zote. Sasa anaishi mji wa chini, kwenye fleti.

Bibi alikusanya vikombe. Aliwafungia halua iliyobaki.

Mutasim, Ruba na dalali walirejea wakati wazimamoto wanaukunja mpira wao. Dalali aliuona mpira, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na sifa ya kutoa. Ruba alitazama kama moshi umegusa masanduku yake. Mutasim aliwangoja wale wanaume wapotee kwenye kona, kisha akatutolea maneno yote aliyokuwa nayo kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, kwamba tunawafanya watu watuone washamba, kwamba hapa ni Ulaya, kwamba yeye ana heshima yake.

"Umenitia aibu, bibi," alimalizia.

"Mbele ya nani, mjukuu wangu?"

Mutasim akatazama juu ya kichochoro, akatazama chini. Hata paka mshairi alikuwa amekwenda zake.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Mutasim si mtu wa kuishia hapo. Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi Muscat aliwaita shangazi na ami zetu Bawshar, akawalisha biriani, akawasha televisheni ya chumbani kwa bibi na kuonyesha video ya Ruba. Ilikuwa na kinanda. Ilikuwa na milango, bahari, jua ambalo sijui walilikopa wapi, na Ruba akitembea, mgongo ameipa kamera, kuelekea kusikojulikana. Mzimamoto hata mmoja hakuwamo. Shangazi walivuta pumzi. Mutasim alieleza kwamba faida kubwa ya Vescara ni utulivu: hakuna mtu wa kukusumbua. Akasema mnunuzi wa Sidab hawezi kungoja zaidi, akamgeukia bibi mbele ya wote.

"Siuzi," bibi alisema. "Mtu hauzi majirani akanunua makufuli."

Nilitaka kupiga makofi. Mutasim ndiye aliyenizuia, kwa sababu hapo, akiwa amebanwa mbele ya ukoo wake, alisema neno la kweli pekee alilolisema msimu wote ule.

"Majirani gani, bibi? Nyumba ya Sidab umeifunga tangu ulipohamia kwangu. Unakwenda Idi hadi Idi, unakaa nusu saa, unarudi kwenye kiyoyozi. Wewe na yule Mjerumani mna tofauti gani? Yeye angalau ana kamera."

Nilimngoja bibi amrudishie, maana sijapata kumwona akikosa la kumrudishia mtu. Alikuwa anatazama kioo cha televisheni, ambapo Ruba alikuwa bado anakwenda. Kisha akaniambia, taratibu, nimletee viatu vyake na buibui.

Mlango wa Sidab ulikuwa umeliwa na chumvi. Niliusukuma kwa bega hadi ukakubali. Ndani mlinuka popo na mazulia. Bibi hakutembeza macho. Alinitaka nitandike mkeka kizingitini, akakaa, miguu ameinyoosha kwa sababu ya magoti. Hatukuwa na kahawa, wala tende, wala mkaa. Nilitaka kukimbilia dukani. Akanizuia.

"Kaa. Nna haya, Shatha. Niache nione haya zangu."

Wanawake wawili walipita wamebeba ndoo ya samaki, wakatazama, wakaendelea na safari. Bibi aliwaamkia, waliitikia kwa mbali, kama unavyomwitikia mpita njia. Nikaona mikono yake inaukunja na kuukunjua ushungi. Kama asingekuja mtu, nilijua, Mutasim angeshinda bila ya kusema neno zaidi, kwani bibi asingekuwa na la kumjibu.

Aliyekuja alikuwa Bi Fajr wa nyumba ya pili, anachechemea, mkono kiunoni. Hakubisha hodi wala hakutoa salamu. Alisimama mbele ya mkeka akamtazama bibi kuanzia ushungi mpaka nyayo.

"Tangi lako linavujia ukutani kwangu tangu mwaka juzi," alisema. "Kabati la mkwe wangu limeoza. Nguo za mjukuu zimefanya ukungu. Nimemtafuta mtu wa nyumba hii mpaka nikachoka, nikadhani mmekufa nyote."

"Nisamehe, Fajr."

"Sikusamehe. Lete fundi kwanza."

"Nitaleta. Kesho fundi yuko hapa, nami nalala hapa mpaka amalize." Bibi alijisogeza, akaupiga mkeka kwa kiganja. "Kaa basi, unitukane vizuri. Umesimama mno."

Bi Fajr alinung'unika kwamba hana wakati, kwamba ana sufuria motoni. Akakaa. Akavua viatu, akaviweka kando ya vyake bibi, na akaanza upya, kuanzia tone la kwanza.