Mkia wa Sista

Mume wangu Machage haoni mwendo. Watu wakisikia hivyo hudhani ni kipofu, nami nimechoka kueleza. Lori likiwa limesimama analiona vizuri, hadi matope kwenye matairi. Likianza kwenda ndipo linampotea. Anasema analiona kule kwenye kona, halafu analiona hapa mbele ya pua yake, na katikati hapakuwa na kitu.

Ilianza msimu uliopita wa kulima, maksai mmoja alipomrusha akaangukia kisogo kwenye jiwe. Hospitalini daktari mmoja alitueleza bila haraka. Macho ni mazima, alisema. Ila kwa nyuma, ndani ya ubongo, kuna sehemu ambayo kazi yake ni mwendo tu: kitu kinakwenda au kimetulia, kinaelekea wapi, kwa kasi gani. Hiyo ndiyo iliyoumia. Nikamuuliza dawa yake ni ipi. Akaanza kuchezea kalamu, nikajua hakuna.

Nyumbani hata kuku walimtisha. Kuku yuko jikoni, mara yuko miguuni pake, naye anaruka kama amekanyaga nyoka. Wapita njia walisema amelewa. Mtu ambaye hata togwa ikichacha anaikataa!

Lakini kilichoniuma hasa ni ng'ombe. Mto uko ng'ambo ya barabara, na barabara yetu hii ya Nyamwaga siku hizi ina malori na bodaboda zisizo na adabu. Nilimwambia tutafute mchungaji. Akanuna siku nzima, akala ugali wake amenipa mgongo. Mwanamume mwenye ng'ombe wake, majini anawapeleka mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na mimi ni nani wa kumlea upya?

Sista ndiye aliyetuokoa. Ni ng'ombe jike, umri umekwenda, mweusi mwenye shingo nyeupe, ndiyo maana tukamwita jina hilo, kwa ajili ya masista wa misheni. Ana tabia ya kusimama kando ya barabara na kungoja gari lipite. Machage akaanza kumshika mkia. Sista akisimama, naye anasimama. Sista akivuka, naye anavuka. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka, halafu nikaacha, kwa sababu kila jioni mume wangu alirudi mzima.

Kisha mwanetu Sadock akapata mchumba, Modesta, binti wa kijiji cha Nyanungu. Baba yake, mzee Heche, akaja na ndugu zake kuchagua ng'ombe wa mahari. Tulikuwa tumekubaliana kuficha ugonjwa. Ukitamka kwamba kichwa kimeumia, wakwe wanasikia wazimu, na wazimu watu wanasema hurithiwa kwa damu. Kuhusu Sista hatukuwa na wasiwasi. Wakwe hutaka mitamba. Nani angemtaka bibi?

Siku hiyo nilisimama nje ya zizi na wanawake wenzangu. Mambo ya zizini ni ya wanaume. Wageni waliingia katikati ya ng'ombe, wakawapigapiga makalio ili watembee waone kama yupo anayechechemea. Wengine walitembea huku, wengine kule. Pale nje mimi tu ndiye niliyejua Machage anaona nini: watu wanatokea ghafla, wanapotea, pembe hii hapa, fimbo ile pale. Jasho lilimtoka. Mkono wake ukapapasa, ukaupata mkia wa Sista, ukaung'ang'ania. Sista akatulia tuli.

Mzee Heche akaona.

"Mkwe, huyu hapigi teke?"

"Hapigi," alisema Machage.

"Hata ukimshika hivyo?"

"Ni mpole."

"Basi mpole kama huyu ndiye wa mke wangu. Miguu inamsumbua siku hizi, hawezi kukimbizana na ng'ombe wakati wa kukamua. Huyu nimemchukua."

Kwetu mkwe akishamtaja ng'ombe mbele ya wazee, humnyimi bila kutoa sababu. Sababu tulikuwa nayo. Ilinijaa kinywani nikaona nitaitapika. Sadock alinitazama, kisha akatazama viatu vyake. Maskini mwanangu alikuwa anaomba ninyamaze, na pia anaomba niseme. Nilinyamaza. Hadi leo nina hasira, na sijui nimkasirikie nani, kwa sababu mzee Heche hakufanya kosa lolote.

"Ni wako, mkwe," alisema Machage, akauachia mkia.

Kesho yake alfajiri Sadock aliondoka na ndugu zake kuwapeleka ng'ombe Nyanungu. Ng'ombe waliobaki zizini walikuwa na kiu. Nikamwambia mume wangu, "Baba Sadock, nitakuvusha mimi."

"Nishikwe mkono kama mtoto?"

"Ushikwe na mkeo. Saa hizi nani atakuona?"

Ukungu ulikuwa mzito. Akakubali, shingo upande. Ng'ombe walitutangulia mbio, wakavuka bila kungoja mtu. Tukafika kando ya barabara, mkono wake mkononi mwangu, baridi kabisa. Nikatazama kushoto. Lori lilikuwa linakuja, jeupe ndani ya weupe, limefifia, linajikokota. Nilikuwa na hakika. Nikasema, "Bado kabisa, twende."

Tulikuwa katikati honi ilipolia. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote tukaangukia mtaroni, na upepo wa lori ukanivua kitenge. Halikusimama. Sijui kama dereva alituona. Ukungu ulikuwa umelififisha hadi kasi yake ikaonekana ndogo, na macho yangu yasiyo na ugonjwa wowote yakanidanganya.

Machage alilala pale kwenye matope, anahema. Kisha akauliza, "Ulikuwa unaliona?"

"Nilikuwa naliona."

"Likitembea?"

"Likitembea."

"Lilikuwa linakwendaje?"

Ningeweza kusema uongo. "Polepole," nikasema.

Ng'ambo ng'ombe walikuwa wanalia, wameshaanza kutawanyika kwenye mahindi ya watu. Ilibidi mmoja wetu avuke akawakusanye, na asubuhi hiyo hakuna aliyethubutu kusimama.