Asichokijua Kambo Chilufya

Mwalimu Mardochée alipenda sana wiki za kufundisha tamthilia. Aliwachorea wanafunzi mlima ubaoni: chini mwanzo wa kisa, juu kidogo fundo, kileleni kishindo, na upande wa pili fundo likifunguliwa. Kisha aliwaeleza utamu wenyewe ulipo: mtazamaji anajua jambo ambalo mhusika halijui, naye yuko kitini, hawezi kumwonya. Wanafunzi walicheka, naye akacheka nao.

Jumamosi moja ya wiki hizo alikuwa chini ya turubai, katika mtaa uitwao Kenya, hapa Lubumbashi, kwenye kilio cha baba yake, Émile. Jeneza lilikuwa sebuleni, na gari la makaburini lilikuwa njiani. Wote walikwisha kumuaga marehemu isipokuwa mama yake mzazi, Kambo Chilufya, yaani Bibi Chilufya, ambaye uzee ulikuwa umemwondolea kumbukumbu. Kila alipoambiwa kwamba mwanawe amefariki, alianguka akilia. Akisinzia kidogo, aliamka amesahau, akauliza Émile yuko wapi.

"Lazima aambiwe tena," Clotilde, dada ya marehemu, alimnong'oneza Mardochée. "Mama hawezi kuacha mutoto wake aende bila kumuaga. Weye ndiye mwalimu, unajua maneno."

"Tantine, maneno gani?"

"Yoyote. Gari inakuja."

Mardochée akainuka. Kabla hajafika kwenye mkeka wa bibi yake, mluzi ukasikika langoni.

Alikuwa Bwalya, mtani wa ukoo. Watani ndio wenye ruhusa ya kuchekesha msibani. Humwigiza marehemu ili waliao wapate kupumua. Bwalya alikuwa amevaa koti la Émile na kofia ya Émile, akiburuta mguu kama Émile.

"Nani amekalia kiti yangu?" alinguruma, akimnyooshea kidole mmoja wa waombolezaji. "Faustin, unalia hivi, na nikiwa muzima ulikuwa unanikimbia ku bar?"

Watu wakaangua kicheko, hata Clotilde.

"Émile," Kambo Chilufya aliita.

Kicheko kikakatika.

"Ulichelewa, mwanangu. Njoo ukule. Bukari inaisha kupola."

Bwalya alimtazama Mardochée kama mwigizaji aliyesahau maneno yake. Mkono wake ulishika kifungo cha koti, usikifungue. Angelivua, Émile angekufa pale pale, mbele ya mama yake. Bwalya akaketi mkekani. Bibi akamega tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi wa samaki, akamlisha. Bwalya alitafuna huku machozi yakimchuruzika.

"Kula polepole," bibi alimwambia. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Na bale bantu, banalilia nani?"

Clotilde alikuwa anamtazama Mardochée. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama. Alifungua kinywa, na yote aliyowahi kufundisha yakamkimbia.

"Ni jirani, Kambo. Wa avenue ya pili."

"Mama yake iko?"

"Iko."

"Muzima?"

"Muzima, Kambo."

Bibi akaiweka sahani chini. Akajifunga kitenge chake vizuri, akanyoosha mkono ili ainuliwe.

"Maskini. Kuzika mutoto haina dawa. Unipeleke kwake nimupe pole. Émile atatungojea hapa."

Mardochée akamshika mkono, akamsimamisha. Nje gari lilipiga honi. Bibi alikuwa amesimama kando yake, mwepesi kama khanga iliyoanikwa, akingoja aonyeshwe njia.